Wawili Walioombeana kwa Vijembe

Mchungaji alikuwa na nia njema, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Jumapili ile alitangaza kwamba kwa siku ishirini na moja kila muumini atakuwa na mwenzi wa maombi. Wakutane kila asubuhi, wasome Neno, waombeane. Majina yakaokotwa kikapuni. Mama Pindo, fundi cherehani, alipofunua karatasi yake akakuta jina la mkunga, alijiona kama mtu aliyemeza sindano.

Mwaka mzima wawili hao hawakuwa wamesalimiana. Mama Pindo alikuwa amemshonea mkunga joho la kwaya, likambana, kisha likapasuka mgongoni katikati ya wimbo wa sadaka, kanisa zima likitazama. Mkunga alisema fundi kapima kwa macho. Fundi alisema kapima kwa tepu, ila mwenye mwili alibana pumzi mpaka akamaliza kupimwa. Tangu hapo mmoja alisimama ncha hii ya safu ya kwaya, mwenzake ncha ile.

"Nenda tu," mume wa Mama Pindo alimwambia. "Kumwombea mtu si lazima umpende."

"Ndiyo lazima," akajibu. "Na taabu yenyewe ndiyo hiyo."

Wakawa wanakutana nyumbani kwa Mama Pindo, katika chumba cha kushonea, mkunga akitoka zamu ya usiku. Siku ya kwanza walisoma Neno vizuri kabisa, kisha mkunga akafumba macho.

"Ee Bwana, wajalie mafundi wote uaminifu, na macho ya kusoma namba."

"Amina," alisema Mama Pindo, meno yamebanana. "Nasi, Baba, utupe moyo wa kuikubali miili uliyotuumbia, na ile tuliyojiongezea wenyewe."

"Amina," alisema mkunga.

Siku tisa zikaenda hivyo. Mume wa Mama Pindo, fundi bomba, alianza kuchelewa kazini makusudi, akinywa chai yake taratibu nyuma ya pazia asije akapitwa. Mchungaji naye aliwasifu mbele ya watu kwa kutokosa hata siku moja. Wangekosaje? Anayekosa humwachia mwenzake neno la mwisho.

Siku ya kumi mkunga alikuja hana sauti. Alikuwa amewahimiza akina mama watatu kusukuma, na sauti ikaishia huko. Akaonyesha koo lake, akachukua chaki ya fundi, akaandika kwenye karatasi ya kaki: *Leo uniombee wewe.*

"Nikuombee nini?"

Mkunga akaandika: *Goti.* Halafu, kwa herufi ndogo: *Kitinda mimba wangu. Miezi saba hapokei simu yangu.*

Mama Pindo alifumba macho. Kijembe cha siku hiyo alikuwa amekwisha kukinoa, na kilikuwa kikali, lakini alikiacha.

"Baba," alisema, na kule nyuma ya pazia mumewe akaweka kikombe chini. "Baba, goti la dada yangu linamuuma, na mimi leo ndiyo kwanza najua. Mguse mtoto wake apokee simu. Na lile joho nililipima kwa haraka, namba ya mgongo nikaibahatisha. Wewe ulikuwepo, uliniona."

Alipofumbua macho, mkunga alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanamtikisika, machozi yanamtoka. Akaandika: *Na pumzi nilibana.*

Siku ya kumi na sita yule kitinda mimba alipokea simu. Waliongea dakika mbili, habari za hali ya hewa tu, lakini mkunga alizisimulia dakika mbili hizo kwa nusu saa, na Mama Pindo akamwambia arudie tena pale mtoto aliposema "haya, mama."

Mumewe alianza kuwahi kazini. "Siku hizi mnaomba tu," alilalamika.

Siku ishirini na moja zikaisha, Mchungaji akawashukuru wote na kufunga zoezi. Kesho yake Mama Pindo alikuwa akifungua madirisha alipomwona mkunga anapanda ngazi, mkono mmoja umeshika goti. Aliingia, akavuta kiti, akafungua Biblia yake.

"Tulifika wapi?" aliuliza.