Zamu ya Kumeza Moshi

Kila Jumatatu ya kiangazi, saa mbili asubuhi, Mama Tahadhari alifunga kipaza sauti juu ya gari la idara ya barabara kwa mpira wa baiskeli, akakipuliza mara mbili, kisha akazungushwa mitaani akisoma ushauri. Msitupe vichungi vya sigara kabla havijazimika. Msichome nyasi kando ya barabara. Ukikuta moshi umefunika njia, punguza mwendo, washa taa, usisimame katikati. Ulikuwa mwaka wa kumi na nne akisoma karatasi hiyohiyo. Ilibadilishwa mara moja tu, wino ulipofifia.

Iliyochoma nyasi ilikuwa idara yenyewe. Mashine ya kufyekea ilikaa uani mwaka wa tatu bila mkanda, na kuku wa mlinzi walitagia kwenye kiti cha dereva. Kwa hiyo ilipofika saa tisa alasiri, vibarua walishuka na viberiti hadi kona ya pili, karibu na daraja, wakawasha. Saa hiyo Mama Tahadhari alikuwa anarudisha kipaza sauti stoo. Kila mtu alifanya kazi yake.

Mwaka uliopita fundi viatu wa stendi aligongwa na lori ndani ya moshi huo. Asubuhi ya siku ile alikuwa ameusikiliza ushauri wote, akamtania Mama kwamba sasa hata yeye anaweza kuusoma bila karatasi. Baada ya mazishi Mama aliandika barua kuomba mkanda wa mashine. Alijibiwa kwamba barua imepokelewa.

Kiangazi hiki binti yake, muuguzi, alihamishiwa zahanati ya ng'ambo ya mto. Kila siku alirudi kwa baiskeli kwenye saa kumi, kupitia kona ya pili, maana daraja lilikuwa hilo hilo moja. Jumanne ya kwanza Mama alitembea hadi pale, akakuta moshi umelala barabarani, mzito kama godoro. Upande mmoja lori lilikuwa linanguruma. Upande wa pili ililia kengele ya baiskeli, ile yenye kutu aliyoinunua mwenyewe. Mama alifungua kinywa amwombe Mungu, na kabla hajapata neno la kwanza moshi ukaingia. Uliingia wote, taratibu, kama uzi kwenye tundu la sindano. Njia ikaonekana. Lori likapita, na binti akapita pembeni yake.

"Shikamoo, mama. Mbona uko huku?"

Hakuweza kuitikia. Marahaba aliitoa jioni, nyumbani, akiwa ameegemea dirisha la jikoni, na ilitoka na moshi wa nusu saa. Majirani walidhani kuna wageni wanaopikiwa. Mumewe, fundi cherehani, alianua nguo za wateja kwenye kamba, akamwekea maji ya kunywa.

Kesho yake msimamizi wa vibarua alimpindulia ndoo akalie.

"Mama, miaka yote hii ulikuwa wapi?" akamwambia. "Sisi tunahangaika kungoja upepo."

Akawa anakwenda kila siku. Leso zake zikawa na rangi ya jivu, na kifua kikaanza kukwaruza kama mlango wa stoo. Waliposali kabla ya kulala, kila aliposema amina kamba nyembamba ya moshi ilipanda hadi darini. Mumewe alisema maombi yao angalau yanaonekana yakienda juu. Mama alicheka, akakohoa, akaanza tena pale alipoishia.

Wiki ya tatu aliandika barua nyingine akaipeleka mwenyewe kwa mkuu wa idara, mtu mpole aliyechoka, mwenye feni iliyofungwa kwa gundi ya karatasi. Mkuu aliisoma hadi mwisho. Akamweleza kwamba tangu msimu uanze hakujatokea ajali hata moja kona ya pili, na hajui ataombaje mkanda kwa ajili ya kona isiyo na ajali.

"Hakuna ajali kwa sababu nameza moshi," Mama akasema.

"Najua, mama. Tumekuingiza kwenye mpango."

Ilikuwa kweli. Kwenye ubao wa matangazo, chini ya zamu za walinzi, palikuwa na zamu ya kumeza moshi, yenye jina moja tu. Kuanzia wiki iliyofuata waliongeza na kona ya kwanza.

Mumewe alimshauri asiende, japo siku moja, waone wenyewe. Mama alilifikiria jambo hilo akiwa amepiga magoti. Aliona ni ushauri mzuri, ila si jambo ambalo mtu anaweza kumwomba Mungu alibariki. Alhamisi alikwenda, lakini akakaa kwenye ndoo na leso mdomoni. Moshi ukalala barabarani kama ulivyozoea.

"Leo umefunga, mama?" msimamizi akamuuliza.

Mama akatikisa kichwa kukubali. Akasikia lori la mchanga likibadilisha gia. Akawaza kwamba njia ikibaki hivi dakika tano tu, mkanda utanunuliwa, na kiangazi kijacho nyasi zitafyekwa, na hakuna mama mwingine atakayekaa hapa. Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa. Kisha kengele yenye kutu ikalia, mbali kidogo, mara mbili.

Akaitoa leso, akafungua kinywa.

Jumatatu alikabidhiwa karatasi mpya. Walikuwa wameongeza mstari mmoja: ukikuta moshi kona ya kwanza au ya pili, subiri Mama Tahadhari aumeze. Aliusoma kama ulivyoandikwa, mtaa kwa mtaa, na kila alipofika kwenye nukta moshi kidogo ulimtoka puani. Wanawake waliopanga ndoo bombani walisema mwaka huu tangazo linaeleweka zaidi.

Saa nane na nusu alirudisha kipaza sauti stoo. Uani, juu ya mashine, kuku mmoja alikuwa ameshaanza kuatamia. Mama akanywa maji vikombe viwili, akashika njia ya kona ya kwanza.

Vibarua walikuwa wamejipanga kando ya nyasi, viberiti mkononi. Hawakuwa wamewasha. Kwa heshima, walikuwa wanamsubiri afike.