Alama ya Mwizi

Mwanangu ana miaka arobaini na miwili, na tangu alipofikisha kumi sikuwahi kumnyanyulia mkono. Jumamosi ile niliunyanyua. Nitaeleza ilivyokuwa, tena polepole, maana nikiharakisha hasira itanipanda upya na kalamu itatoboa karatasi.

Nilifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kufulia cha hospitali. Mimi sikuwa mfuaji, nilikuwa mtia alama. Kila shuka jipya lilipita mezani kwangu, nami nililishonea herufi nne za uzi mwekundu kwenye kona, ili lijulikane ni la wodi gani. Wino hufifia. Karatasi huyeyuka kwenye maji ya moto. Uzi hubaki mpaka nguo yenyewe ife.

Mashuka yaliibwa sana. Mwizi akishafika kwake, kitu cha kwanza ni kufumua ile alama ya kona. Ndipo msimamizi wetu, mwanamke mkavu tuliyemwita Mama Pasi, akatufundisha kushona alama mbili. Ya kona tuliiita alama ya mwizi: aione, aifumue, aridhike. Ya pili ilikuwa ndani ya upindo, imelala katikati ya kitambaa kilichokunjwa, na hiyo ndiyo ilikuwa yetu. Shuka likionekana mahali lisipostahili, tunafungua upindo. Siri hiyo hatukuwaambia hata waume zetu.

Mama Pasi huyo hakuwa mtu wa maneno matamu, lakini siku moja nilifika kazini nikakuta miwani juu ya meza yangu. Alikuwa ameniona nakodoa macho. Nilipomshukuru aliniambia nishone.

Sasa mjukuu wangu. Mama yake, binti yangu, alifariki mtoto akiwa na miaka sita, na tangu hapo tunaishi wawili. Watu wanamwita Bisibisi, kwa sababu hakuna kifaa kilichowahi kuingia nyumbani kwetu asikifungue. Leo ni fundi wa kompyuta. Ana meza moja kwenye ujia wa jengo la maduka, na mvua ikija na upepo anafunika kila kitu kwa turubai na kurudi nyumbani amelowa. Anataka chumba cha kazi chenye mlango na kufuli. Kwa ajili ya chumba hicho amefanya kazi miaka minne kwa watu wa mbali, kupitia mtandao, nao wakamlipa kwa hizi sarafu za kidijitali. Kila alichopata alikiacha humo.

Miezi sita iliyopita alikuja na kikaratasi, akakaa kitandani kwangu.

"Bibi, nataka unifichie kitu."

"Kitu gani?"

"Maneno ishirini na manne. Ya Kiingereza. Ndiyo ufunguo wa pesa zangu zote."

"Kwani benki haiwezi kukufichia?"

"Hizi hazina benki, Bibi. Mwenye maneno ndiye mwenye pesa. Nikiyapoteza, hakuna wa kumpigia simu. Mtu mwingine akiyapata, anazihamisha akiwa kwake sebuleni, na hakuna wa kumshtaki."

Nikamwambia ayapige picha kwa simu. Aliruka kama nimemmwagia chai.

"Picha hapana! Picha inaweza kupanda mtandaoni yenyewe na mimi sina habari. Sipigi picha, sichapi kwenye simu, simtumii mtu. Nimeshayagonga kwa nyundo na msumari kwenye kipande cha chuma, herufi moja moja, yasiungue hata nyumba ikiungua. Chuma kiko kwa mtu ninayemwamini. Lakini nakala moja ni sawa na kutembea kwa mguu mmoja."

Nikauliza kama ni lazima maneno yaandikwe mazima. Akasema hapana, herufi nne za mwanzo za kila neno zinatosha. Herufi nne! Nilicheka mpaka nikavua miwani. Nikamweleza habari ya Mama Pasi, ile ya alama mbili, na mjukuu wangu akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona.

"Bibi, kuna watu wanalipwa kufundisha hilo."

Tukafanya hivi. Akafungua pochi ya pili mtandaoni, ndivyo wanavyoita mahali sarafu hizo zinapokaa, yenye maneno yake mengine ishirini na manne, akaweka humo kiasi kidogo, cha kumshawishi mtu aone amepata. Akaitegea simu yake ipige kelele siku kiasi hicho kikiguswa. Maneno ya pochi ndogo nikayashona kwenye kona ya shuka la kijivu. Ya pochi kubwa nikayashona ndani ya upindo, nikaufunga. Wiki nzima nilishona maneno nisiyoyaelewa, na Bisibisi alinipigia pasi nguo zote wiki hiyo ili nisichoke macho. Sikumwomba.

Kompyuta yake ya nyumbani, ile anayohifadhia mambo ya pesa, aliing'oa kifaa cha intaneti ili isiweze kuunganishwa na chochote. Juu ya kila skrubu alidondosha rangi ya kucha yenye vimetameta, aliyopewa na jirani yetu msusi ikiwa imebakia kidogo kwenye chupa. Rangi ikikauka, mtu hawezi kufungua skrubu bila kuipasua, na vimetameta havirudi vilivyokaa. Ndiyo mihuri yake.

Kosa nililifanya mimi. Uzi mwekundu ulinipungukia, na aliyekuwa karibu ni mwanangu, kaka wa marehemu. Nikamtuma dukani. Mtoto aliyekulia chini ya meza yangu ya alama, akichezea vigurudumu vya uzi! Nyumbani kwetu uzi mwekundu haukuwahi kuwa na kazi nyingine.

Huyu mwanangu wanamwita Meneja. Aliwahi kusimamia nyumba ya wageni kwa miezi mitatu, akafukuzwa, lakini jina likabaki, na kalamu ya mfukoni pia. Ana ufunguo wa nyumba yangu kwa sababu nilimpa.

Alhamisi alikuja kunitengenezea bomba la jikoni. Lilikuwa likidondoka tangu mwaka jana. Nilitoka kwenda kwa msusi kurudisha sufuria, nikakaa kidogo kuzungumza, na niliporudi bomba lilikuwa kimya, sinki limefutwa, vyombo vimepangwa. Nilimwombea dua pale pale jikoni. Nikampa chai kwenye kikombe kizuri. Kila nikikumbuka kile kikombe, damu inanichemka.

Jumamosi asubuhi tulikuwa tunachambua mchele, simu ya Bisibisi ikalia mlio nisioujua. Akaitazama, sinia likamponyoka.

"Bibi. Wamechukua ndogo."

Sikuuliza ndogo gani. Nilikwenda kabatini. Shuka la kijivu lilikuwepo, chini ya mengine mawili kama nilivyoliweka, alama ya kona ipo, upindo umefungwa. Lakini halikuwa limekunjwa na mimi. Mimi nakunja kama tulivyokunja hospitalini: mara tatu kwa urefu, kingo zikiingia ndani, kona haionekani. Hili lilikunjwa nusu, tena nusu, kama kitambaa cha mezani.

Bisibisi alikuwa ameinama juu ya kompyuta na tochi. Rangi ilikuwa imepasuka kwenye skrubu tatu kati ya sita.

"Alianza kufungua, akakatishwa," alisema. Nyumba hii ina funguo tatu tu.

Nikampigia mwanangu. Nikamwambia bomba limeanza tena. Mungu anisamehe, nilidanganya vizuri sana.

Alikuja na mkate chini ya kwapa na spana mkononi, anapiga mluzi.

"Mama, hilo bomba lina wivu, halitaki nikae kwangu. Bisibisi, mbona umenuna? Kompyuta imekukataa?"

"Shikamoo, Mjomba," alisema mjukuu wangu. Hata siku ile alimsalimu.

Nililitandaza shuka la kijivu juu ya kitanda, nikamwita chumbani.

"Nikunjie hili. Mgongo unaniuma."

"Mama, umeniitia bomba au shuka?"

"Kunja."

Akalishika. Akalikunja nusu. Akalikunja tena nusu. Akalipapasa juu kwa kiganja, kazi nzuri, akanyanyua uso akatukuta tumesimama mlangoni wote wawili tunamtazama mikono.

"Nini?" alisema.

"Hivyo hivyo ndivyo nilivyolikuta," nikasema.

Alijaribu kwanza kucheka. Halafu akasema huenda ni msusi. Hapo nilimkatiza, kwa sababu mwanamke yule hajawahi kuingia hata jikoni kwangu bila kubisha hodi.

"Simu yako ina picha ya kona hii," Bisibisi akamwambia. Sauti yake ilikuwa chini. "Uliipiga ukamtumia nani?"

Mwanangu aliketi kwenye kitanda changu, juu ya shuka.

"Kuna mtaalamu," alisema. "Tunaongea naye kwenye simu mwezi mzima sasa. Anazizalisha. Unaweka maneno yako kwenye ukurasa wake, pesa zinafanya kazi siku saba, zinarudi mara mbili. Nilimwambia nina herufi nne nne tu, akasema zinatosha. Alitaka na diski ya kompyuta, nikaanza kufungua, nikasikia Mama anaagana na watu huko nje. Mimi nilitaka kuwashtukiza! Ningekuja Ijumaa ijayo, nikwambie, mwanangu, nenda kanunue chumba chako, na kingine cha kupangisha. Mara mbili! Nani angenuna?"

"Zimeshaondoka, Mjomba."

"Siku saba hazijafika."

"Zimeondoka asubuhi hii. Mpigie."

Alipiga. Tulisikia sote ile sauti ya mwanamke wa kwenye mashine ikisema namba hiyo haipatikani. Akapiga tena. Mara ya tatu akaiacha simu, akafunika uso akaanza kulia, na alilia vibaya, kama mtoto aliyevunjika mkono. Alisema amemwua mtoto wa dada yake. Alisema miaka minne. Alimtaja dada yake kwa jina la utotoni ambalo sijalisikia tangu mazishi.

Mimi ni mama. Bisibisi alinifinya kiwiko ninyamaze, na nilijua ananifinya kwa nini, lakini nilishindwa kumwona mwanangu akilia vile.

"Basi, mwanangu," nikasema. "Hazikuwa zote."

Kilio kilikatika hapo hapo. Akatoa mikono usoni. Mashavu bado yana maji, na macho yake yakaanza kutembea chumbani: kabati, mto, pazia, cherehani.

"Zilizobaki ziko wapi?" akauliza.

Ndipo niliponyanyua mkono.

Sikumpiga. Mkono ulibaki hewani, naye akaukinga uso kama alivyokuwa akifanya zamani, na mkono wenyewe ukaishiwa nguvu. Lakini mdomo haukuishiwa. Nilimwambia nimeishi miaka sabini na mmoja na sijawahi kusikia swali chafu kama hilo. Nilimwambia alama ile niliishona kwa ajili ya mwizi, usiku na mchana nilikuwa na mwizi kichwani, mwenye kofia, anayeruka ukuta, nisiyemjua mama yake. Kumbe nilikuwa namshonea yeye. Nilimwambia aliyetumwa uzi ndiye aliyekuja kuusoma.

"Kwa hiyo mlinitega," alisema. Alikuwa amesimama sasa, na amekasirika, hebu fikiri. "Mama mzazi ananitega mimi kama panya!"

"Tulimtega mwizi, Mjomba," Bisibisi alisema. "Wewe ndiye uliyeingia."

"Mimi nimetapeliwa! Mimi ndiye niliyetapeliwa hapa!"

"Kwa maneno ya nani?"

Nikanyoosha mkono, ule ule.

"Ufunguo."

"Mama."

"Weka hapa."

Aliuhangaikia kwenye pete yake muda mrefu, kucha zinateleza. Mwishowe Bisibisi akachomoa bisibisi yake ndogo mfukoni, akamtanulia pete, akautoa taratibu bila kumkwaruza kidole, akanikabidhi mimi. Nililiona hilo. Katika siku nzima ile mbaya, hilo nililiona.

Mwanangu aliondoka akaacha mkate. Sikuula. Bisibisi aliula wote na chai, amesimama, maana alikuwa na kazi. Alisema maneno ya kwenye upindo hayajaguswa, lakini shuka limeshapita mikono ya watu na halifai tena. Akatengeneza pochi mpya, akahamisha kila kitu kabla ya jioni, akagonga chuma kipya. Mimi nikafumua upindo, uzi mmoja mmoja, nikauchoma kwenye jiko. Ya sasa yako wapi, sisemi, na si kwenye shuka.

Alinisihi nishone tena na alama ya mwizi. "Ilifanya kazi yake, Bibi. Bila hiyo tusingejua, angerudi mpaka aipate yenyewe." Ni kweli. Nilikataa siku tatu. Ya nne nilishona, na niliuvuta uzi kwa nguvu mpaka kitambaa kikajikunja, kwa sababu sasa ninayemshonea ana sura.

Chumba kimepatikana. Kina mlango wa chuma na dirisha moja, na Bisibisi anahamia mwezi ujao. Mjomba wake amemtumia ujumbe kwamba atakuja kufunga rafu. Bisibisi amekubali, amesema atakaa naye mwanzo mpaka mwisho, na kompyuta atakuwa ameziondoa. Kwa umri wake ana moyo mpana kuliko wangu.

Kwangu mwanangu anabisha hodi siku hizi. Nasikia hatua zake, nasikia anasimama nje, halafu mkono mlangoni, kama mgeni. Namfungulia. Namwekea chai, kwenye kikombe cha kawaida. Tunakaa jikoni, tunazungumza habari za bei na za mvua, na katikati ya maneno yetu kuna ukimya, na katika ukimya huo nalisubiri bomba lidondoke angalau tone moja, nipate sababu ya kumfokea. Halidondoki. Alilitengeneza vizuri kweli kweli.