Chini ya Kofia ya Sadalla

Siku Sadalla alipoondoka, Siti alikuwa akipeta mchele uani kwao Kariakoo. Mumewe alikuwa amevaa kofia aliyoshonewa na Siti mwenyewe, ameishusha karibu na nyusi. Chini yake palikuwa na baka lisilosikia hata ncha ya sindano. Ukoma. Walijua wao wawili tu.

"Iweke chini ya kofia, mke wangu," alisema.

Yalikuwa maneno ya Waingereza. Sadalla alikuwa tarishi wa ofisi moja kule Posta, na bwana wake humwambia hivyo kila anapotaka jambo lisitoke nje. Barazani Sadalla aliwaeleza wenzake kuwa maana yake ni kunyamaza tu, na hata asiye na kofia huambiwa vivyo hivyo. "Lakini wao wakiingia ndani wanazivua," aliongeza, watu wakacheka. "Siri gani itakaa hapo?"

Alikwenda kambi ya wagonjwa, mbali huko bara, ili binti yao Saadiya asikose mume. Nyumba yenye ukoma nani angeposa? Watu waambiwe amekimbia.

Wakaambiwa, nao wakaongeza ya kwao. Sokoni walimwuliza Siti kama mumewe keshaleta dhahabu ya machimbo ya Lupa au ataleta mke mwenza kwanza. Siti alinunua bamia zake akarudi. Saadiya akaacha kulitaja jina la baba yake, na hilo ndilo lililomchosha mama yake kuliko yote ya sokoni.

Kisha posa ikaja, ya kijana wa Mzee Sheikhan muuza vitambaa, ikakubaliwa. Mbaruku, mdogo wake Sadalla, akaja na swali la shehe.

"Shemeji, kaka yu hai au amekufa? Kama yu hai, binti haozeshwi bila idhini yake. Shehe hataki uvumi."

Walikuwa wamefikiri kila kitu, Siti na Sadalla, isipokuwa kwamba baba ndiye anayeozesha. Neno moja la uwakala kwa ndugu yake lingetosha, na halikusemwa. Sasa akisema amekufa, atakuwa amejenga ndoa ya mwanawe juu ya uongo. Akamsogezea Mbaruku kigoda, akamweleza yote.

"Nenda wewe," alimaliza. "Ukirudi, hukwenda popote."

Mbaruku akapanda garimoshi. Aliporudi hakuketi. Sadalla alikuwa ameshazikwa, na vitu vyake vimechomwa moto, kofia pamoja. Hapakuwa tena na idhini ya kuomba. Walii, mwenye haki ya kuozesha, sasa ni Mbaruku.

Mtaani ikasemwa homa imemwulia huko kwenye dhahabu. Saadiya alimletea mama yake uji.

"Usijiumize, mama. Yule alishatuacha zamani."

Siti alipokea bakuli. Maneno yalimfika mdomoni, akanywa uji.

Nikaha ni Ijumaa baada ya sala, bila ngoma. Mbaruku ataozesha. Siti yuko chumba cha ndani, katika eda, na hatatoka.