Swali la Kumi na Nne

Nimegonga milango ya Buguruni kwa miaka ishirini na miwili, nikiwauliza watu maswali ya wasomi. Watoto wangapi, maji mnachota wapi, jana mlikula nini. Kazi hii inaitwa udodosaji, na ndani yake jina lako ndilo linalokufungulia mlango. Wakisikia Hamisa Twalib yuko nje, wananitolea kigoda. Ndiyo maana barua ya chuo ilipokuja kusema natuhumiwa kupika takwimu, nilikaa barazani kwangu nikalia kwa hasira, wala sikuona haya.

Mambo yalikuwa hivi. Profesa Walid Zahor, bingwa wa lishe wa chuo hicho, alinipa kazi mwaka jana nisimamie dodoso la kaya mia nne za Buguruni na Kinondoni, kujua akina mama wenye watoto wadogo wanakula nini. Tulipofikisha kaya mia mbili na arobaini, Ramadhani ikawa inaingia. Mimi mwezi huo sidodosi chakula. Ulaji wote unageuka, na majibu yake huwezi kuyachanganya na ya siku nyingine. Nikamwambia Profesa tusubiri Idi ipite. Akakubali, tena akanishukuru. Idi ikapita, simu yangu akawa hapokei, nikadhani mradi umekufa.

Kumbe mradi ulikuwa hai na umenona. Ripoti ilitoka na kaya mia nne kamili. Mtafiti wa chuo kingine akaisoma, akaona majibu mengi yanafanana mno, akaandika kuuliza. Kamati ikaundwa. Profesa, kwa upole wake ule ule, akaeleza kwamba yeye alipokea tu fomu kutoka kwa msimamizi wa wadodosaji, Bi Hamisa, ambaye kwa bahati mbaya elimu yake iliishia kidato cha nne.

Hiyo ya kidato cha nne ilinichoma kuliko yote. Kweli niliishia hapo, lakini tofauti ya mia mbili na arobaini na mia nne naijua.

Siku ya kamati nilivaa baibui jipya nikafika kabla yao. Mwenyekiti, Dokta Gladness, mwanamke asiye na maneno mengi, akanipa nafasi ya kujitetea. Nikamwambia sina la kujitetea, naomba nioneshwe fomu. Wakatazamana, sanduku likaletwa. Profesa alikuwa upande wa pili wa meza, kanzu imepigwa pasi vizuri maana ilikuwa Ijumaa.

Fomu zetu nilizitambua mara moja, kona zimekunjika, nyingine zina madoa ya chai. Zile mia na sitini za nyongeza zilikuwa safi kama zimetoka dukani, na chini yake, penye nafasi ya mkaguzi, mtu ameniandikia jina langu. Nikaanza kuzisoma. Tarehe kumi na mbili Machi. Swali la kumi na nne: jana mchana ulikula nini? Ugali na maharage. Nikashika nyingine, tarehe kumi na tano. Wali na mchicha. Nikazipekua zote hadi ya mwisho, kisha nikacheka. Nilicheka peke yangu mle ndani mpaka machozi yakanitoka.

Dokta Gladness akaniuliza kuna nini.

"Mwenyekiti, tarehe hizi zote mwaka jana tulikuwa kwenye Ramadhani," nikasema. "Mie nimezaliwa Buguruni. Sikatai, wapo wanaonyonyesha, wapo wagonjwa, wapo Wakristo. Ila humu wamekula mchana wote mia na sitini, na kwenye swali la jioni hakuna hata mmoja aliyetaja futari. Hata uji wa pilipili manga hakuna."

Dokta akavuta sanduku kwake. Alisoma fomu moja baada ya nyingine. Mwisho akavua miwani.

"Profesa, mwezi huo wewe ulifunga?"

"Nilifunga."

"Hizi fomu nani alizijaza?"

"Mimi," Profesa akasema. "Mkutano wa wafadhili ulikuwa umekaribia."

Hebu fikiria. Mtu amefunga, koo limemkauka, anakaa ofisini kwake kuwalisha wanawake mia na sitini maharage ya mchana.

Uamuzi ulisomwa wiki iliyofuata. Ripoti ifutwe hadharani, Profesa aondolewe uongozi wa mradi, niandikiwe barua ya kusafishwa jina. Kaya mia na sitini zidodoswe upya, na Profesa akitaka kubaki kwenye mradi, arobaini azidodose mwenyewe kwa miguu yake. Fomu zake nizikague mimi. Nilijikaza hadi nje ya geti, hapo nikapiga kigelegele hata mlinzi akaacha chai yake akaja mbio.

Jumatatu tukaanza. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Mwajabu, muuza vitumbua. Profesa akapiga hodi, akavua viatu, akaingia. Alipotoka jasho linamtiririka, nikapokea fomu nikasoma mstari kwa mstari. Swali la kumi na nne lilikuwa tupu.

"Hapa mbona hujaandika?"

"Amesema jana mchana hakula kitu, Bi Hamisa. Nikaona hakuna cha kuandika."

"Hakula ndilo jibu, Profesa. Tena ndilo tulilolijia."

Akachukua fomu yake. Kisha akavua viatu tena, akapiga hodi tena, na safari hii nikamsikia anamuuliza Mwajabu kwa nini hakula, na ni siku ngapi kwa wiki huwa hivyo. Alikaa huko nusu saa. Alipotoka, fomu ilikuwa imejaa mpaka pembeni.

Niliisoma yote, nikatia sahihi yangu kwa mkono wangu, nikamwonesha mlango wa pili.