Roho ya Blia Ghorofa ya Pili

Jumanne alasiri, Bibi Youa alifungua mlango wa nyumba yao ghorofa ya tatu, akaweka bakuli la mchele na yai kizingitini, akamtoa bafuni kuku aliyefungwa miguu, akaanza kuiita roho ya mkwewe. Ilikuwa Saint Paul, Marekani, baridi ya mwaka 1981, na upepo wa ngazini ulikuwa unakata masikio. Mkwewe, Blia, alikaa kitandani akitazama ukuta.

Roho yenyewe ilijulikana ilipo. Ilibaki ukingoni mwa mto Mekong siku ile walipokimbia vita vya Laos, wakavuka kwa kujishikiza kwenye mianzi, mwanawe Pheng akiwa bado mchanga mgongoni. Mtu ana roho kadhaa, na moja ikibaki nyuma hafi palepale, anachakaa tu kidogo kidogo. Chakula kilikuwa hakipandi. Pheng akilia, Blia alimtazama kama mtoto wa jirani. Zahanati walimpa vitamini, wakamwambia atembeetembee. Atembee wapi, jamani, kwenye barafu ile?

Na kuita bila udi ni kujisumbua. Roho inayotoka mbali huijua nyumba kwa moshi wake. Lakini mwezi uliopita Bibi Youa alichoma kijiti kimoja tu, kengele ya moshi ikapiga mayowe, jengo zima likatoka kusimama thelujini na malapa. Msimamizi, Bwana Halvorson, alipanda na sigara mdomoni akasema moshi mwingine tu na wote nje. Kengele hizo alizifunga ghorofa ya tatu tu, walikopangishwa Wahmong, wakimbizi wa kutoka Laos kama wao.

"Haya, leo naita kwa mdomo mtupu," alisema Bibi Youa, akapaza sauti ngazini. "Blia we! Ondoka kwenye maji, mwanangu! Mumeo yuko huku, mwanao yuko huku, wali umeiva!"

Roho ilifika jioni hiyohiyo. Chue, mume wa Blia, akirudi kazini, alikuta nyayo za miguu mitupu zikipanda ngazi, zimejaa maji na tope la mto. Alizitambua kuwa za mkewe, akazifuata mbiombio. Nyayo zilipanda mpaka juu, zikasimama mbele ya mlango wao, zikageuka. Zikashuka ghorofa ya pili, zikaingia kwa Bi Lorraine.

Bi Lorraine alikuwa mjane mwenye nyonga mbovu, na sigara alizibadilisha tu, hazikumtoka mdomoni. Kwake hapakuwa na kengele. Moshi ulikuwa ukitokeza chini ya mlango.

Asubuhi alipanda kwa Bibi Youa bila fimbo yake.

"Mama, kuna mtoto wenu kwangu," alisema kwa Kihmong kilichonyooka, lugha ambayo jana hakuijua hata neno. "Kaja kalowa chapachapa. Nimempa taulo."

"Amekula?"

"Sufuria nzima ya wali. Na mimi kanilazimisha nile."

"Ebo! Na sisi huku tumemchinjia kuku mzima!"

Walishuka. Roho ilikuwa imekaa karibu na kisahani cha majivu, ina sura ya Blia wa zamani, mashavu yake yapo, inadarizi pazia la Bi Lorraine.

"Mwanangu, umekosea mlango," alisema Bibi Youa. "Twende juu."

"Sijakosea, mama. Nilifika pale. Hakuna moshi. Nyumba isiyo na moshi, wenyewe wamekufa."

"Hatujafa! Tumekatazwa!"

"Sasa mimi ningejuaje?"

Bi Lorraine akasema hilo halina shida, yeye atatangulia na sigara yake. Akatangulia. Roho ikamfuata nyuma, taulo mabegani, Bibi Youa akiisemesha maneno mazuri kila ngazi. Chue alikuwa ameshafungua mlango. Ndani, Blia aligeuza shingo kutoka ukutani na kusema, "Nina njaa." Chue alikuwa hajaisikia sauti hiyo kwa muda mrefu mno.

Bi Lorraine akaweka mguu ndani, kengele ikalia. Roho ilishtuka, ikateremka mbio kama mtu aliyesikia risasi, na kweli ilikuwa imeshazisikia. Blia akarudi ukutani.

Halvorson alikuja. Aliikuta roho nyuma ya kochi la Bi Lorraine, akaivulia kofia.

"Kijiti kimoja, bwana," Chue alimwambia kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "Saa moja tu. Mke wangu apande ngazi."

"Mkeo si huyu hapa? Namwona mzima kabisa."

"Huyu ni kipande. Kingine kiko juu, kinakwisha."

"Sheria ni sheria. Jengo la mbao hili."

"Na Bi Lorraine?"

"Bi Lorraine ni mpangaji wa siku nyingi," alisema Halvorson, akainama kumwomba kiberiti, akawasha sigara yake. Chue alitamani kuipiga kofi ile sigara imruke mdomoni ikagonge ukuta. Lakini juu kulikuwa na mama, mke na mtoto, na nje kulikuwa na barafu. Akasema asante. Neno hilo lilimchoma zaidi ya yote.

Tangu hapo, kila siku baada ya chai, Bibi Youa humshika Blia mkono na kumteremsha. Akikaa pembeni ya roho yake, Blia anakula, anacheka, anamgombeza Pheng kwa kuchezea viatu. Bi Lorraine anavuta kwa bidii, na nyonga imepona. Jioni Blia hupandishwa tena, na pale ngazi zinapokata kona uso wake huzimika. Watu wa jengo wakipishana naye humsalimu akishuka, na akipanda humwacha. Bibi Youa bado anaita kila Jumanne, kwa mdomo mtupu.

Juzi wakati wa kula, Blia alikuwa mezani, mikono mapajani, wali ukipoa mbele yake. Juu ya kichwa chake kitaa chekundu cha kengele kilikuwa kikiwaka na kuzimika.

"Pheng," Chue alisema, "mpe mama kijiko."

Pheng alichukua kijiko. Alimpita yule mwanamke mezani, akafungua mlango, akaanza kushuka ngazi kwenda ghorofa ya pili. Hakuna aliyemwita arudi.