Upande Usiopakwa

Siku ya tatu baada ya kumzika mama nilirudi maabara, maana nyumbani kulijaa watu wanaolia na mimi machozi yalinigomea. Nikapaka protini juu ya kioo, ikizidi kidogo kidogo toka ukingo mmoja hadi wa pili, nikaweka seli zitambae kuifuata. Kesho yake zilikuwa palepale.

Mwenzangu akachungulia hadubini, kisha akakiinua kioo. "Shoga, umeziweka upande usiopakwa. Zifuate nini?"

"Basi nitapaka kingine."

"Nenda nyumbani ukalie na wenzio, wasije wakakusema."

"Wameshanisema. Kaka anadai nina moyo wa jiwe. Niache nifanye kazi."

Akanitazama, akanisogezea boksi la vioo.