Unga Usoni mwa Shujaa

Katika kisa hiki mjinga ni Caleb, na tuliseme mapema asije akatafuta wa kumsingizia.

Jumamosi watu wa mtaa walionyeshwa filamu katika ukumbi wa Makongeni: Mzungu mwenye joho la fedha anapaa juu ya mji, anasimamisha treni na kuwatupa wezi jaani. Wezi wote weusi. Mweusi pekee ambaye hakuwa mwizi alibeba sanduku la shujaa, akapigwapigwa kichwani kama mbwa aliyerudisha mpira, naye akachekelea. Caleb, gadi wa treni ya mizigo, mfunga breki za nyuma, alipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Jumatatu akakabidhiwa kuongoza mchezo wa Krismasi wa watoto wa mtaa. Watoto walitaka shujaa anayepaa. Anyango, binti yake, akaruka kutoka jukwaani na kutua kama paka, hakuna aliyemfikia. Caleb akaitazama ngozi ya mwanawe, kisha akamchagua Njoki, binti wa jirani Thuo, aliyeogopa hata kupanda kiti, ila alikuwa mweupe kidogo. Kwamba shujaa wa filamu alikuwa mwanamume, hilo halikumsumbua hata chembe.

"Wewe Anyango utakuwa mwizi."

"Nimeiba nini, baba?"

"Chochote. Kazi yako ni kupigwa na kuanguka."

Jioni akamkuta jikoni, amejipaka unga wa ngano uso mzima hadi masikioni. Machozi yalikuwa yameukanda, ukamning'inia kidevuni kama kinyunya cha chapati.

"Sasa natosha, baba?"

Caleb akamwona tena yule mbeba sanduku, meno yote nje, na yeye mwenyewe akicheka naye. Mate yakamjaa kinywani kama mtu aliyeuma nyama iliyooza.

Phelister, mkewe, alimvuta mtoto akaanza kumsugua kwa kitambaa.

"Nani amemfundisha uchafu huu?"

Mwenye akili angenyamaza. Caleb akajitetea.

"Mama Anyango, mtoto ni wangu, nampenda. Lakini watu watacheka! Shujaa wa kupaa, mweusi hivi? Nani ataamini?"

Phelister akakamua kitambaa, maji meupe yakachuruzika karaini.

"Baba Anyango, kila siku unaona treni inavyokataa kusimama hata ikifungwa breki zote. Jumamosi ulipanda juu ya kiti kumshangilia mtu aliyeisimamisha kwa kidole kimoja. Hilo uliliamini. Kinachokushinda ni ngozi ya mtoto wako?"